Wazee hawasubiri bajeti: barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia

Mheshimiwa Waziri,

YAH: FEDHA ZA UMMA KWA UTAFITI WA HISTORIA, LUGHA NA JAMII

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nafundisha historia chuoni, na kwa kazi hiyo nimejaza fomu nyingi za kuomba fedha za utafiti. Moja ya karibuni, ya mfuko mmoja wa hapa hapa nchini, ilikuwa na kisanduku kinachouliza: "Bidhaa au teknolojia itakayozalishwa." Chini yake kingine: "Makadirio ya soko." Ombi langu lilikuwa la kwenda vijiji vya kandokando ya mto Ruvuma kuwahoji wazee waliowapokea wakimbizi na wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji kutoka kwa Wareno, wakati wa vita vile. Nilikaa na visanduku vile jioni nzima. Mwishowe kwenye bidhaa nikaandika "kitabu", kwenye soko nikaacha wazi, na ombi halikupita. Sina kinyongo na waliolipitia, maana walifuata mwongozo waliopewa. Mimi nina neno na huo mwongozo.

Nianze kwa haki yako. Wizara yako imetoa fedha za utafiti, na imezitoa hadharani. Katika bajeti ya mwaka 2022/23 mlitenga shilingi bilioni 1 kuwatuza watafiti wetu wanaochapisha katika majarida makubwa ya kimataifa. Milango iliyofunguliwa kwanza ilikuwa ya sayansi asilia, hisabati na afya. Mwaka huo huo ukaja ufadhili wa Samia kwa waliofaulu vizuri masomo ya sayansi kidato cha sita. Mwaka 2023 mkaanza kutoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, jambo lililotufurahisha wengi tunaoishi kwa kalamu. Ila tuzo humpa mtu aliyekwisha kumaliza kazi yake. Nauli ya kwenda kuianza hiyo kazi, betri za kinasa sauti, posho ya kijana anayenukuu maneno ya mzee hadi usiku, hayo yote yanasubiri mtu mwingine alipe. Na huyo mtu mwingine, Mheshimiwa, kwa fani zetu amekuwa mgeni tangu tunazaliwa.

Mwaka 1968 Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Gilbert Gwassa na John Iliffe, ilifanya jambo ambalo nawasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. Iliwatuma wanafunzi kwenye wilaya zilizopigana vita vya Majimaji wakawatafute wazee walioviona kwa macho yao. Vita vilianza mwaka 1905 kule Matumbi, watu walipoing'oa pamba ya Wajerumani. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi siku ile, mwaka 1968 alikuwa na sabini na mitatu. Bado alikumbuka nani alileta maji ya dawa, nani alikataa kuyanywa, njaa iliyofuata ilianza lini na watu walikula mizizi gani. Yaliyokusanywa yakawekwa pamoja mwaka 1969, na mpaka leo hakuna mtu anayeandika juu ya Majimaji, awe Hamburg au Songea, asiyepita humo. Wangechelewa miaka ishirini wangekuta makaburi.

Sasa piga hesabu nami. Kutoka 1905 mpaka 1968 ni miaka sitini na mitatu. FRELIMO walifyatua risasi ya kwanza mwaka 1964. Tunakaribia umri ule ule. Kijana aliyevusha watu kwa mtumbwi Ruvuma akiwa na miaka ishirini, leo amepita themanini. Yupo, nimekaa naye barazani, anasikia kwa sikio moja, na akianza kueleza jinsi walivyotofautisha mlio wa ndege ya Mreno na ndege nyingine hungetamani akatishwe na mtu. Najua SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ilikusanya mengi kupitia mradi wa Hashim Mbita, vitabu tisa vilivyotoka mwaka 2014. Najua pia ipo Programu ya Urithi wa Ukombozi wa Bara la Afrika chini ya wizara nyingine. Kazi hizo naziheshimu. Lakini mpaka wetu na Msumbiji ni mrefu, vijiji ni vingi, na mama aliyegawa unga wake kwa wageni wasiojua lugha yake bado hajaulizwa na mtu.

Faida ya kuuliza mapema tuliiona tarehe 1 Novemba 2023. Siku hiyo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea kwenye Makumbusho ya Majimaji akaomba msamaha kwa yale nchi yake iliyoyafanya. Mtu haombi msamaha kwa jambo ambalo hakuna anayeweza kulieleza. Majina ya walionyongwa pale Songea Februari 1906, vijiji vilivyochomwa, makadirio ya watu hadi 300,000 waliokufa kwa vita na njaa: nyuma ya kila moja kuna mtu aliyekaa na mafaili au na mzee. Wengi walifanya hivyo wakati ambapo hakuna aliyewaona kuwa wanazalisha kitu.

Habari ya mafuvu nayo uisikie vizuri, kwa sababu humo sayansi na historia zimeshikana mikono. Septemba 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza kwamba vipimo vya DNA vimewapata ndugu walio hai, hapa Tanzania, wa watu ambao mafuvu yao yalipelekwa Ujerumani enzi za ukoloni. Moja lilikuwa la mshauri wa Mangi Meli, yule mtawala wa Old Moshi aliyenyongwa Machi 1900. Magazeti yaliisifu mashine. Lakini mashine ingempima nani kati ya Watanzania milioni 61 waliohesabiwa kwenye sensa ya 2022? Juu ya fuvu lile kulikuwa na neno moja limeandikwa, "Akida", na huko Kilimanjaro kulikuwa na ukoo ambao haukuacha kusimulia habari za mtu wao. Watu wa historia ndio walioliunganisha neno na ukoo, kisha mwenye maabara akathibitisha. Na aliyelipia uchunguzi wa mafuvu hayo ni mfuko wa Kijerumani, Gerda Henkel. Yaani tumetafutiwa wafu wetu kwa fedha za wajukuu wa waliowachukua. Kama hilo haliwaumizi watu wa Hazina, mimi linaniuma.

Nenda siku moja, bila msafara, pale Nyaraka za Taifa, mtaa wa Vijibweni, Upanga. Omba faili la enzi za Mjerumani. Utaletewa karatasi za rangi ya chai, kingo zimeanza kumeguka, mwandiko umelala kama majani ya mpunga yaliyopigwa na upepo. Ni mwandiko wa kizamani ambao hata Mjerumani wa leo hujifunza upya kuusoma. Mara nyingi niliyemkuta ameinamia mafaili hayo ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu kutoka Ulaya, kijana mwenye adabu tu, analipiwa na nchi yake. Meza ya pili yupo Mtanzania anayesoma mafaili ya Mwingereza, kwa kuwa Kiingereza anakijua na kumfundisha ule mwandiko wa Kijerumani hakuna aliyejitolea. Kozi ya namna hiyo haihitaji jengo wala kukata utepe.

Lugha nazo zina kisa hicho hicho. Atlasi ya lugha za Tanzania iliyotoka mwaka 2009 tunaitumia sote, na iliwezekana kwa fedha za Sweden. Waakie, wale wachache wa Kiteto na Kilindi, lugha yao ilirekodiwa kwa fedha za mfuko wa Volkswagen, na hazina ya rekodi za mpango ule iko Nijmegen, Uholanzi. Nawashukuru waliofanya kazi hiyo, wangeacha tusingekuwa na kitu. Bibi Titi Mohamed naye, simulizi yake ndefu ya maisha aliinasa mwanahistoria Mmarekani, Susan Geiger, mwaka 1984. Bibi Titi alifariki mwaka 2000. Kati ya miaka hiyo kumi na sita vyuo vyetu vilikuwa wazi na yeye alikuwa anaishi hapa hapa.

Wafadhili wana haki ya kubadili mawazo, fedha ni zao. Mwaka 2023 serikali ya Sweden ilikata fedha za utafiti wa maendeleo zilizokuwa zikigawiwa kupitia baraza lake la utafiti. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ikasimamisha misaada, na mpango wa tafiti za afya na idadi ya watu uliokuwa ukishirikiana nasi tangu 1991/92 ukakatika, ule ambao kwa takwimu zake hata wizara ya afya hupanga mambo yake. Wenzetu walioshika miradi ya namna hiyo walipata barua pepe Ijumaa na Jumatatu hawakuwa na kazi. Hapo ndipo ilipojulikana maswali ya nani tulikuwa tukiyajibu.

Mheshimiwa, kuna jambo moja ambalo wizara yako haiwezi kulikwepa, kwa sababu mmelianzisha wenyewe. Kwa mtaala mpya, watoto wetu wanasoma somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na wanalisoma kwa Kiswahili. Ni uamuzi mzuri. Sasa mwalimu wa Nachingwea au Kasulu atamwambia nini mtoto kuhusu Nachingwea au Kasulu? Kitabu cha kiada huandikwa kutokana na utafiti uliokwisha kufanyika. Pasipo na utafiti, mwandishi atarudia kilichomo kwenye vitabu vya zamani, vita vile vile na majina yale yale, na mikoa mizima itapita bila kutajwa. Mmeagiza ugali kwa shule zote nchini bila kuuliza nani analima.

Na wale wanaosema hospitali kwanza, nawajibu kwa mfano wa hospitali. Miaka ya tisini, wilayani Bagamoyo, watafiti wa jamii waliwauliza wazazi swali ambalo darubini haiwezi kuuliza: mtoto akishikwa na degedege, anaanzia wapi? Wengi walianzia kwa mganga. Degedege kwao halikuwa malaria, na walikuwepo walioamini kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Dawa ilikuwepo zahanati, mtoto hafiki, au anafika usiku wa tatu amelegea. Ukishajua hivyo, bango la malaria huwezi kuliandika kama ulivyoliandika jana, na mganga inabidi umhesabu kuwa sehemu ya safari ya mgonjwa. Utafiti ule nao fedha zake zilitoka nje.

Ninachoomba ni kidogo kuliko urefu wa barua hii. Katika Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia unaosimamiwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), kiwepo kifungu cha historia, lugha na jamii, chenye fomu yake na wapitiaji wanaozijua fani hizo. Viwe viwango vidogo vinavyotoka kwa wakati, kwa kuwa bei ya shangingi moja la ofisi ingetufikisha vijijini kwa miaka kadhaa. Kila rekodi itakayofanywa kwa fedha hiyo, na hata ile ya mgeni anayeomba kibali, nakala yake ibaki nchini, na nyingine irudi kijijini ilikotoka. Na tuzo za utafiti zimtazame pia mtu aliyeandika makala nzuri kwa Kiswahili katika jarida linalochapishwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ahadi ya asilimia 1 ya pato la taifa kwa sayansi, ambayo nchi za Afrika ziliiandika Lagos mwaka 1980, sitakukumbusha leo. Wamekukumbusha wengi.

Liko jambo la mwisho, nalo nalisema kwa heshima. Fedha ya serikali nayo ina kamba zake. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa, ikawa kosa kuchapisha takwimu zinazolenga kubatilisha au kupotosha zile rasmi. Mwaka 2019 ikarekebishwa tena na kulegezwa, lakini katika ule mwaka mmoja niliona wenzangu wakiweka madodoso kabatini. Kifungu ninachokiomba kikija na mtu wa kuchungulia majibu kabla hayajatoka, bora kisije. Wazee wa Ruvuma watanieleza mazuri ya serikali na mabaya yake, na yote mawili nitayaandika.

Kipindi cha kuandaa makadirio ya bajeti hakiko mbali. Ombi langu lililokataliwa ninalo bado, nimelifupisha, na safari hii kwenye kisanduku cha bidhaa nimeandika majina ya vijiji.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhadhiri wa historia,
Ruvuma

Nakala: Waziri wa Fedha, mwenye ufunguo.