Kuhusu somo letu la Jumamosi: Serikali za Mitaa

Habari za jioni ndugu zangu,

Jumamosi tunaanza mada ya serikali za mitaa. Naomba kila mmoja asome Ibara ya 145 na 146 za Katiba ya Tanzania ya 1977 kabla ya kuja. Ni fupi, lakini ndizo zinazosema kwamba serikali hizi zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi.

Tutakaa zaidi kwenye historia, maana bila hiyo muundo wa leo haueleweki. Mwaka 1972 halmashauri zilivunjwa, kazi zake zikachukuliwa na watendaji wa Serikali Kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Mpango ukaitwa Madaraka Mikoani, ingawa kwa maoni yangu mwananchi ndiye aliyepoteza sauti. Sheria za kuzirejesha zilitungwa mwaka 1982.

Wengi mliuliza tofauti ya mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wa kijiji. Mwenyekiti huchaguliwa na wanakijiji; mtendaji ni mwajiriwa. Juu ya wote wawili kuna mkutano mkuu wa kijiji, na mkazi yeyote wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake. Hapo ndipo mapato na matumizi ya kijiji yanapaswa kusomwa. Nawasihi mhudhurie mikutano ya kwenu, somo hili halikai vitabuni tu.

Bajeti tutaigusa kidogo. Mwenye nakala ya taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji chake aje nayo tuichambue pamoja.