Magoti yetu yanakaguliwa, beji zao je?

Mhariri,

Kwenye mapokezi ya ofisi nyingi za serikali hapa nchini limebandikwa bango la mavazi yasiyotakiwa: kaptula, sketi fupi, suruali ya kubana, kandambili, kila picha imechorwa alama nyekundu ya kukataza. Sina ugomvi nalo. Tangu Waraka wa Utumishi wa Umma Na. 3 wa mwaka 2007 jambo hili linajulikana, na anayelipwa kwa kodi yetu kuvaa kwa heshima si kumwonea.

Ila hivi karibuni, kwenye ofisi moja ya halmashauri, mlinzi alimzuia mama mmoja getini kwa kuwa gauni lake halikufunika magoti. Akaazima kanga kwa mama ntilie wa nje, akajifunga, akapita. Dirishani afisa hakuwapo. Koti lake lilikuwapo, la kijivu, limetundikwa nyuma ya kiti, pasi imenyooka. "Katoka kidogo," tukaambiwa. Saa tisa na nusu ofisi inafungwa, koti bado liko palepale. (Kwa mujibu wa bango, koti lile halikuwa na kosa lolote.) Mama akauliza, huyo afisa anaitwa nani, ili kesho amtaje. Akajibiwa: "We njoo tu, utamkuta."

Benki za binafsi nazo zina masharti ya mavazi, tena makali: sare, tai, viatu vyeusi. Lakini kifuani pana beji yenye jina. Akikuzungusha, unajua wa kumtaja kwa meneja. Sisemi huko ni peponi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inadai sababu halali na utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi, lakini wapo wanaoambiwa jioni wasirudi kesho, na si kila mmoja ana ubavu wa kwenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi.

Mtumishi wa umma ana ngao nene zaidi: hati ya mashtaka, uchunguzi, rufaa Tume ya Utumishi wa Umma. Ni haki yake, isiguswe. Ila safari yote hiyo huanza pale mwananchi anapoweza kusema fulani bin fulani kanifanyia hivi. Lalamiko dhidi ya "yule kaka wa koti la kijivu" linaishia kwenye sanduku la maoni. Vitambulisho wengi wanavyo, vimetumbukizwa mfuko wa shati au vimegeuzwa mgongo.

Novemba 2015 Rais Magufuli aliingia Wizara ya Fedha kwa kushtukiza, akakuta viti vitupu. Ilisisimua, lakini rais hawezi kupita kila dawati la kila halmashauri.

Basi mlinzi anayekagua magoti yetu akague na beji za watumishi wanapoingia asubuhi, jina na cheo kwa herufi zinazosomeka kutoka upande wetu wa dirisha. Na dirishani libandikwe jina la aliye zamu, la msimamizi wake, na namba ya simu ya ofisi inayopokelewa. Hilo halihitaji semina wala posho.

Mlipa kodi,
Morogoro