Throbbing Gristle hawakuwa kashfa tu

Mhariri,

Katika makala yenu kuhusu muziki wa viwanda, yaani ule wa kelele za mashine na vifaa vya elektroniki, kundi la Throbbing Gristle la Uingereza limepewa aya mbili, na zote mbili ni za kashfa: onyesho la Oktoba 1976 pale ICA, jumba la sanaa la London, picha za utupu, na mbunge Nicholas Fairbairn akiwaita waharibifu wa ustaarabu. Ni kweli yote hayo. Lakini msomaji amebaki hajui watu hawa wanne walikuwa wakifanya nini hasa kuanzia 1975 hadi 1981.

Walikuwa mafundi. Chris Carter alikuwa akijiundia sinthesaiza mwenyewe, yaani ala ya kuzalisha sauti kwa umeme, na kile kisanduku chao maarufu cha kukwaruza sauti alikitengeneza kwa kufuata mchoro uliochapishwa katika jarida la mafundi wa elektroniki. Yeyote anayejua kulehemu angeweza kujaribu. Gitaa la Cosey Fanni Tutti likaingia humo likiwa gitaa, likatoka kama msumeno uliokwama kwenye bati. Peter Christopherson naye aliunganisha rekoda za kaseti na kinanda: akibonyeza hapa inatoka sauti ya mtu, akibonyeza pale unatoka mlio mwingine kabisa. Leo kazi hiyo inafanywa na simu ya mkononi, na wengi hawajiulizi nani alitangulia.

Wala hawakungoja kampuni iwaite. Kampuni ya santuri ya Industrial Records ilikuwa mali yao, na santuri ndefu ya kwanza, 1977, walitoa nakala 785 tu kwa sababu fedha ziliishia hapo. Maonyesho yao waliyarekodi wenyewe wakauza kanda zake. Hili ndilo kijana mwenye kompyuta chakavu chumbani kwake angependa kulisoma, si matusi ya mbunge.

Siwatetei kwa kila jambo. Nembo ya kampuni yao ilikuwa picha ya Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, na kusema eti ni kuwashtua watu hakunitoshi. Pale waliuawa binadamu. Hilo ndilo mngelihoji, maana lina uzito kuliko picha mlizozing'ang'ania.

Onyesho la mwisho walipiga San Francisco tarehe 29 Mei 1981, kisha wakatuma kadi za posta kutangaza kwamba kazi imekwisha. Carter na Cosey wakaendelea wawili wao. Christopherson na mwimbaji wao, Genesis P-Orridge, wakaanzisha kundi la Psychic TV. Waliungana tena 2004, ila kwa masikio yangu yale makali ya kwanza hayakurudi.

Mmeahidi makala kuhusu Duma, kundi la wale vijana wawili wa Nairobi ambao albamu yao ilitolewa 2020 na kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Tafadhali isianze na mayowe ya jukwaani. Waulizeni walitumia vifaa gani, nani aliwarekebishia, na nakala ngapi zilichapwa.

Fundi wa sauti,
Mombasa