Tutengewe njia ya baiskeli bonde la Sabaki

Mhariri,

Mimi ni fundi baiskeli. Kazi yangu naifanyia chini ya mwarobaini, kando ya barabara ya Ganda hapa Malindi, na kwa miaka niliyoshika spana nimejifunza kujua baiskeli imepita wapi kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Inayotoka mashambani, bonde la mto Sabaki, huja na matope mekundu yaliyokauka kwenye cheni na mwiba wa mgunga ndani ya tairi. Hiyo ni kazi ya dakika kumi. Natoa tyubu, naizamisha kwenye karai la maji, natafuta vipovu vinapotokea, napiga msasa, natia gundi na kiraka, mtu anakwenda zake. Inayotoka barabara kuu huja imebebwa begani au juu ya tuktuk: rimu imepinda kama nane, spoku zimekatika upande mmoja, foki imerudi nyuma. Mwenyewe akiwa mzima tunamshukuru Mungu.

Majuzi alinijia hivyo mwanafunzi wa sekondari. Matatu iliamua kulipita lori, ikaja upande wake inamulika taa, naye akashuka kando. Ukingo wa lami pale umeliwa na mvua. Kutoka juu ya lami hadi kwenye mchanga ni shubiri nzima. Gurudumu la mbele likanasa, yeye akarushwa. Viwiko vimechubuka, damu imeganda kwenye soksi nyeupe, daftari zimejaa mchanga. Hakuniuliza bei. Aliniuliza kama nitaimaliza kabla ya Jumatatu, kwa kuwa shule ni mbali na nauli ya bodaboda nyumbani haipo.

Ndiyo maana nakuandikia. Naomba, na najua siombi peke yangu, tutengewe njia ya changarawe ya baiskeli na waendao kwa miguu kwenye bonde la Sabaki: ianze karibu na daraja, ipite mashambani mpaka vijiji vya Jilore na Kakoneni, na gari lisiingie.

Siombi lami. Lami ikija, magari huifuata, na mwenye baiskeli akarudi kule kule ukingoni. Marram, yaani udongo wa changarawe, iliyoshindiliwa vizuri, iliyopewa mgongo katikati ili maji yateremke pande zote mbili, yenye kalvati kila panapopita kijito, inamtosha kila mtu, hata mwenye baiskeli nzito ya blakmamba ya zamani iliyobeba madumu manne ya maji na mtoto mbele.

Sehemu kubwa ya njia hiyo watu wameshaikanyaga. Kuna vinjia vya ng'ombe, vya kina mama wanaoteremka mtoni, vya wakulima wanaotoa maembe na korosho. Vingine vinakutana, vingine vinaishia kwenye ua wa mtu. Mimi huvipita Jumapili alfajiri. Mwezi wa Januari, jua likiwa bado chini, utawaona keremkerem wekundu wamejipanga kwenye matawi makavu, na ng'ambo ya mto moshi wa jiko la kwanza unapanda wima. Sauti unayoisikia ni ya tairi zako juu ya changarawe. Na kusi likianza kuvuma, wale wanaotoka Mambrui kuja mjini kwa barabara kuu, wakipigwa na upepo usoni na vumbi la malori ubavuni, wangejua raha ya kupita nyuma ya mikorosho na miembe.

Mgeni mmoja, Mwitaliano, aliwahi kuniletea baiskeli ambayo sikuwa nimeona mfano wake. Usukani umepinda kama wa baiskeli za mashindano, lakini tairi ni pana, milimita 45, zina vinundu, na ndani hamna tyubu. Mmemiminwa maji mazito meupe kama tui ambayo huziba tundu yenyewe. Akaniuliza wapi anaweza kwenda asikutane na gari. Nikampeleka kwenye vinjia vyangu mpaka tukaliona ziwa la Jilore. Tuliporudi aliniomba ramani ili awapelekee wenzake, nikawa sina cha kumpa.

Baada ya hapo nikaanza kusoma kwenye simu usiku. Huko Marekani, jimbo la Missouri, kuna njia iitwayo Katy Trail. Ilikuwa reli, ikaachwa mwaka 1986, na kipande cha kwanza cha baiskeli kikafunguliwa mwaka 1990. Leo ina urefu wa karibu kilomita 386, sehemu kubwa ikifuata mto Missouri, na juu yake ni mawe ya chokaa yaliyosagwa, si lami. Uhispania nao tangu 1993 wamekuwa wakigeuza reli zilizokufa kuwa njia za miguu na baiskeli, na sasa wamepita kilomita 3,000. Sisi bondeni hatuna reli ya kugeuza, ila mawe ya chokaa tunayo, na mikono tunayo. Hapa hapa Kenya mashindano ya baiskeli za changarawe, kama ile ya yule Mwitaliano, yanafanyika Maasai Mara tangu 2021, na marehemu Suleiman Kangangi, mwendesha baiskeli Mkenya aliyefia mashindanoni Vermont, Marekani, Agosti 2022, aliwaonyesha vijana wetu kwamba huu mchezo ni wao pia. Vijana wa Malindi wafanyie wapi mazoezi?

Mto wenyewe unataka heshima. Huko juu unaitwa Athi, kwenye mbuga ya Tsavo unaitwa Galana, ukifika kwetu ni Sabaki, na kila masika hutuletea udongo wa bara mpaka bahari ya Malindi inageuka rangi ya chai. Ile Katy Trail ilisombwa vibaya na mafuriko ya 1993, ikabidi itengenezwe upya. Kwa hiyo njia yetu isishushwe kwenye tambarare inayofurika. Ipite juu, kwenye mgongo wa bonde, hata kama pana mwinuko wa kumfanya mtu ashuke asukume. Na kuna viboko. Giza likiingia hutoka majini kula majani, na kiboko ukimzibia njia ya kurudi mtoni hakusamehe. Njia ikae mbali na mapito yao, na paandikwe wazi kwamba baada ya saa kumi na mbili jioni haipitiwi.

Kuhusu ardhi nasema kwa uangalifu. Mwaka 1914, baada ya upinzani ulioongozwa na Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, serikali ya kikoloni iliwafukuza Wagiriama ukingo wa kaskazini wa mto huu. Wazee wa bondeni wamesimuliwa hayo na wazazi wao. Mtu akiamka akakuta vigingi vimepigwa shambani mwake na watu wenye kofia za plastiki, hatafikiria baiskeli, atafikiria kufukuzwa. Watu wa kaunti waanze kukaa na wenye mashamba, boma kwa boma, kabla ya mpimaji kukanyaga pale. Njia ya upana wa mita mbili na nusu haimtoi mtu kwake, lakini hilo lazima aambiwe ana kwa ana.

Malori ya mchanga yatazuiwa na nguzo mbili za zege kila mwanzo wa njia. Bodaboda hazitazuiwa na nguzo. Panapopita baiskeli pikipiki nayo hupenya. Hapo dawa ni makubaliano na vijana wa steji wenyewe, ambao wengi wana wadogo zao wanaokwenda shule kwa baiskeli. Nimezungumza na baadhi yao wakingoja kuzibiwa pancha, na hawakukataa.

Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti barabara za kaunti, kwa hiyo ombi hili halina haja ya kwenda Nairobi. Kianze kipande kimoja, kutoka darajani kuelekea Jilore, kifyekwe na kumwagiwa marram kabla ya masika. Ofisa yeyote wa barabara au mwakilishi wadi anayetaka kuviona vinjia hivyo anikute chini ya mwarobaini Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi. Nina baiskeli tatu za kuazima na pampu. Yule mwanafunzi ameshasema atakuja, na rimu yake nimeinyoosha.

Fundi baiskeli,
Barabara ya Ganda, Malindi