Msumari wa Ufunguo

Binti yangu mpendwa,

Jana ulipokata simu nilikaa kitako muda mrefu nikiyapima maneno yako mawili. La kwanza ulilisema kuhusu yule msimamizi wako aliyekupita kwenye ngazi bila kuitikia salamu: "Ana dharau." La pili ulilisema juu yako mwenyewe, kwamba kila jioni unapanga kusomea mtihani na kila jioni inapita bure: "Mimi ni mvivu tu, baba." Maneno mafupi, na yote mawili ni hukumu. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ningeanza kuhubiri na wewe ungeitikia "ndiyo, baba" huku unafanya mambo yako.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Unajua nilisimamia ghala miaka mingi. Kipindi fulani tulikuwa na kijana wa zamu ya usiku, mchapakazi kwelikweli, ila alikuwa na ila moja: asubuhi tulikuta mlango wa nyuma haujafungwa. Mara ya kwanza nikamwonya kwa mdomo. Mara ya pili nikamwandikia barua ya onyo. Mara ya tatu nikaagiza akatwe mshahara wa siku nzima, nikasema mbele ya wenzake kwamba huyu ni mzembe, hana uchungu na mali ya watu. Mwishowe akahamishwa. Nikampanga mtu mzima, makini, wa kutegemewa. Wiki ya pili mlango ukakutwa wazi. Nikampanga wa tatu. Wazi.

Ndipo nikabaki usiku mmoja nijionee. Kazi ya zamu ilikuwa inaishia nyuma, kwenye mizani. Hapo watu hutia saini kitabu cha zamu kisha hutoka kwa mlango mdogo wa pembeni, hatua chache tu. Ufunguo wa mlango wa nyuma ulikuwa unatundikwa kwenye msumari ofisini, mbele kabisa. Kwa hiyo mtu aliyechoka, alfajiri, alipaswa akumbuke kwenda mbele kuuchukua, arudi nyuma afunge, aende tena mbele kuutundika, halafu arudi nyuma tena ndipo aende zake nyumbani. Nikautoa ule msumari, nikaupigilia juu ya meza ya kitabu cha zamu. Nyundo na dakika mbili. Kwa miaka yote niliyobaki pale, mlango ule ulikutwa wazi mara moja tu, na usiku huo niliyekuwa zamu ni mimi.

Fikiria: watu watatu, tabia tatu tofauti, kosa lile lile. Na mimi muda wote huo nilikuwa nikichungulia mioyo ya watu.

Baadaye, kwa kusomasoma, nikagundua kwamba kosa langu lina jina. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Lee Ross alilieleza kuwa ndilo kosa la msingi katika kueleza sababu za matendo ya watu: tunaipa tabia ya mtu uzito mkubwa mno, na hali aliyomo tunaipa uzito mdogo mno. Mtu tunamwona; hali yake hatuioni. Mchelewaji yuko mbele yako, lakini njia aliyopita haiko mbele yako.

Lipo jaribio moja ninalolipenda kuliko yote. Lilifanyika Princeton, Marekani, na John Darley na Daniel Batson wakachapisha matokeo yake mwaka 1973. Walichukua wanafunzi 40 wa seminari, watu wanaosomea dini, wakawaomba waende jengo jingine kutoa hotuba fupi. Wengine walipewa wazungumzie mfano wa Msamaria Mwema, yule aliyesimama njiani kumsaidia majeruhi baada ya wengine kumpita. Sasa huko njiani kwenyewe aliwekwa mtu amejikunyata mlangoni, kichwa chini, anakohoa na kugumia. Kabla hawajatoka, baadhi yao waliambiwa wana nafasi ya kutosha, wengine wakaambiwa watangulie sasa hivi, na wengine wakaambiwa wameshachelewa, wanasubiriwa.

Waliokuwa na nafasi, asilimia 63 walitoa msaada. Wale wa katikati, asilimia 45. Waliochelewa, asilimia 10. Mada ya hotuba haikuleta tofauti ya kuaminika. Watafiti wanaeleza hata kwamba walikuwepo waliokuwa wanakimbilia kuhubiri juu ya Msamaria Mwema wakamruka yule mtu kwa miguu yao.

Nilipolisoma hilo niliiweka karatasi chini. Tangu utotoni nimesikia haraka haraka haina baraka, na siku zote nilidhani ni habari ya kazi kuharibika, mshono kwenda upande, chungu kuvunjika. Kumbe haraka inakomba hadi huruma, tena kwa watu wema. Darley na Batson wenyewe walisema huenda baadhi yao hawakuwa na ukatili wowote. Walikuwa wamebanwa kati ya mtu aliye chini na mtu anayewasubiri.

Basi turudi kwa msimamizi wako. Sisemi hana dharau. Watu wenye dharau wapo, na nimefanya nao kazi. Nasema salamu moja kwenye ngazi haitoshi kuwa ushahidi. Mtazame katika hali tofauti. Akiwa ameketi, hana pilika, anaitikia? Akiwa na wakubwa zake je? Wenzako anawapita vilevile, au ni wewe peke yako? Kama kila mtu anapitwa saa za asubuhi na kila mtu anaitikiwa mchana, hapo asubuhi ndiyo yenye tatizo. Kama ni wewe tu, popote na wakati wowote, basi umepata jibu, na sasa unaweza kumfuata ukamwuliza kwa adabu kuna nini. Usimwulize "mbona unanidharau", mwambie ulichokiona: "Juzi nilikusalimu kwenye ngazi, sikusikia jibu, nikajiuliza kama nimekukosea." Mtu akitajiwa tendo huweza kulieleza. Akitajiwa tabia yake, hujitetea.

Ila usinielewe vibaya. Kuna mambo hayatafutiwi msumari. Mtu akikuinulia mkono, ondoka kwanza. Sababu zake atazieleza kwa wengine.

Sasa uvivu wako. Hili ndilo limeniuma zaidi, kwa sababu ukishajiita mvivu umefunga kesi. Hakuna cha kuchunguza tena. Umeniambia mwenyewe kwamba ukirudi unajilaza kitandani "dakika tano" na simu mkononi, na daftari zimo kwenye mkoba, mkoba uko nyuma ya mlango. Mwanangu, huo si ufunguo uliotundikwa ofisini? Zitoe daftari asubuhi kabla hujaondoka, ziache mezani, zimefunguliwa pale ulipoishia, kalamu juu yake. Simu ukiingia iache ikichaji chumba kingine. Ukiitaka utaifuata, lakini itabidi uinuke, na mara nyingi kule kuinuka kunatosha kukukumbusha.

Kisha lipange tendo kwa kulifunga kwenye tukio. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amelichunguza sana jambo hili: anayesema "nitasoma jioni" ana nia tu, lakini anayesema "nikishavua viatu, naketi mezani" ameshaamua mapema, na viatu ndivyo vinavyomkumbusha. Tukio likifika, huhitaji kubishana na nafsi yako ukiwa umechoka. Chagua tukio lisilokosekana. Viatu utavivua kila siku.

Na usihesabu siku 21 kama wanavyosema watu. Phillippa Lally na wenzake kule London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akijenga zoea moja dogo. Makadirio ya katikati ya muda wa zoea kushika yalikuwa siku 66, na kati ya mtu na mtu makadirio hayo yalianzia siku 18 hadi 254, mengine yakivuka hata zile wiki 12. Walichokiona kingine ndicho ninachotaka ukishike: kukosa siku moja hakukuharibu safari. Ukikosa Jumanne, Jumatano vua viatu, keti mezani.

Ukishaketi, usirudie kusoma tu. Soma ukurasa, funga daftari, andika unachokikumbuka, kisha fungua uone ulichoacha. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliorudia kusoma walikumbuka zaidi wakiulizwa baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki nzima waliokuwa wamejipima ndio waliowapita. Ndiyo maana kurudia kunadanganya: palepale unajiona umeelewa. Kujipima kunakera. Kubali ikukere.

Kuhusu ratiba uliyonitumia, ni nzuri, na haitatimia. Kuna wanafunzi waliowahi kuombwa wakadirie siku za kumaliza tasnifu zao. Kwa wastani walisema 34, wakatumia 55 na ushei. Hata makadirio yao ya mambo yakienda vibaya kabisa yalikuwa chini ya hapo. Tunapanga kwa kuitazama nia yetu, na nia haijui kuugua wala kuitwa kazini Jumamosi. Tazama mtihani uliopita ulikuchukua muda gani, uanzie hapo.

Mama yako anakusalimu, anasema ulale mapema.

Ah, na yule kijana wa ghala. Nilikutana naye miaka kadhaa baadaye kwenye kituo cha basi, nikamweleza habari ya msumari yote, tangu mwanzo hadi mwisho, na nikamwomba radhi. Alicheka mpaka akashika nguzo. Halafu akanyamaza, akaniuliza, "Na ule mshahara wangu wa siku, mzee?" Nikamjibu nitaufuatilia.

Sijaufuatilia hadi leo.

Baba yako