Mama Zuhura, pima kwanza

Magomeni Mapipa,
Dar es Salaam.
Jumapili, baada ya Isha.

Kwako shoga yangu Mama Zuhura,

Assalaam alaykum. Mimi na wanangu tu wazima, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali na macho yetu. Bi Kijakazi anakusalimu, Shomari anakusalimu, na yule mjukuu wa Mama Debora sasa anatambaa, hakuna sufuria inayobaki mahali pake. Salamu zaidi utapewa na Mwajuma kwa mdomo, maana leo nina haraka ya kufika kwenye jambo lenyewe.

Nimesikia umeacha vidonge vya kisukari. Usimgombeze Mwajuma, hakukusudia kukusema. Alikuwa ananisimulia habari za machungwa ya Muheza, ikamtoka kwamba siku hizi kila asubuhi unakunywa asali na mdalasini, na boksi la dawa umelitia kabatini. Nimekupigia simu, kila nikigusia unaniuliza kodi ya nyumba imepanda kiasi gani. Basi nimeandika. Barua haikatwi katikati.

Najua kilichokutisha. Siku ya mahari ya Salma ulitetemeka mikono, jasho likakutoka wakati wenzako wanaona baridi, moyo ukaenda mbio, ukatamani kitu kitamu hadi ukachukua soda ya mtoto ukainywa yote. Ulipotulia ukaona vidonge ndivyo vinavyokumaliza, na ile tamaa ya soda ukaona aibu. Shoga yangu, ile soda ndiyo iliyokuokoa. Hakuna aibu yoyote pale.

Wewe unatumia dawa mbili, kama nilivyokuwa natumia mimi. Metformini inapunguza sukari inayomwagwa na ini na kuufanya mwili uisikie insulini, ile homoni inayoingiza sukari kwenye seli, vizuri zaidi. Yenyewe peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Ile nyingine, glibenklamidi, inalisukuma kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala. Sasa kumbuka siku ile. Tangu alfajiri ulikuwa jikoni na wapishi, ukapitisha kikombe cha chai tu, vidonge ukameza kama kawaida. Insulini ikatoka, chakula hakuna, sukari ikaporomoka. Daktari akisikia habari hiyo anaweza kupunguza dozi, au kuibadilisha ile dawa kabisa, au kukupangia saa za kula. Mimi alinibadilishia. Lakini lazima asikie. Ukiliweka boksi kabatini na kunyamaza, yeye atajuaje?

Ndiyo maana nakuomba ujifunze kuzitofautisha hamu mbili, kwa sababu watu wanazichanganya na wote tunaambiwa neno moja tu, acha sukari, acha sukari. Ipo hamu ya hatari, ile ya kutetemeka. Hiyo usishindane nayo. Ukiweza kupima haraka, pima; ikiwa chini ya 4 (mmol/L), au huna mashine karibu na dalili ndizo zile, weka vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji unywe, au nusu glasi ya soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari. Ngoja dakika 15, pima tena. Kama bado iko chini, rudia. Ikishapanda, kula chakula. Na umfundishe Zuhura, kwa sababu ikishuka sana akili inavurugika, wewe mwenyewe hutajua la kufanya. Umwambie na hili: mtu akizimia hanyweshwi kitu chochote mdomoni, anakimbizwa hospitali.

Halafu ipo hamu nyingine, hii ya kila siku, na hii ndiyo naifahamu kuliko jina langu. Unajua kazi yangu. Mchele nimeloweka tangu jana, umesagwa, tui zito limeingia, hamira imeumua, iliki imetwangwa. Nikimimina upawa wa kwanza kwenye kikaango na mafuta yakaanza kuchemka pembeni mwa kitumbua, harufu inayopanda pale inanijaza mate hadi nameza. Kuonja unga siku hizi ni kazi ya Mariamu. Namkabidhi kijiko, mimi nageuka kupepea mkaa, nasikia, "Mama, sukari bado kidogo," naongeza. Wateja hawajaona tofauti yoyote. Na saa ile ile ya mate kunijaa, nikijichoma kidole nakuta 8, wakati mwingine 9. Sukari imo kwenye damu, tena imezidi, na mwili bado unadai nyingine.

Nilimuuliza nesi wetu inakuwaje, akanieleza kwa utaratibu. Kwenye kisukari hiki cha ukubwani, aina ya pili, insulini ipo lakini mwili umekuwa mzito kuitii, na kongosho nalo linazidi kuchoka. Sukari inabaki kwenye damu badala ya kuingia kwenye seli ikafanya kazi. Seli zikikosa, mtu anasikia njaa na uchovu. Sasa sikiliza hapa, Mama Zuhura, hapa ndipo ninapotaka usome mara mbili: ukiacha vidonge, sukari inapanda, na ikipanda sana njaa na kiu vinazidi. Yaani hiyo tamaa unayoisema kwamba inakunyima raha, kuacha dawa kunaiongeza. Hukuwa unalalamika hivi mwaka jana ulipokuwa unameza vizuri. Au nimesahau?

Na asali, bibie. Asali ni sukari. Imetoka kwa nyuki, ina utamu wa Mungu, lakini ikifika kwenye damu ni glukosi na fruktosi, inapandisha kama kawaida. Sikuzuii kuipenda. Nakuzuia kuiita dawa. Huyo jirani aliyekupa anakutakia mema, naamini, ila yeye hatakuwa na wewe siku miguu ikianza ganzi. Unamkumbuka Mzee Kondo alivyokuwa anasema ni kamsumari tu kamemchoma.

Tena unasema ulipima asubuhi moja ukakuta 6, ukajua umepona. Hiyo 6 ilikuwa kazi ya vidonge! Kipimo cha kidole kinakwambia habari ya dakika ile. Omba kile cha miezi mitatu, HbA1c, ndicho kinachoonyesha sukari yako imekaaje kwa muda wote huo, mchana na usiku, siku za harusi na siku za mlenda.

Sasa nikwambie ninavyoishi nayo hiyo hamu, usije ukadhani nakupigia kelele tu. Siwashi jiko la vitumbua na tumbo tupu. Nakula kwanza, yai la kuchemsha au maharage na kipande kidogo cha muhogo, ndipo nashika upawa. Nikishiba chakula cha kweli ile harufu inabaki kuwa harufu. Usingizi nao ni nusu ya tiba. Nikikesha kwa oda ya watu, kesho yake natafuta utamu kila kona, na nesi anasema ni kweli, usingizi ukipungua homoni za njaa zinapanda. Kwa hiyo oda za usiku nimezikataa, hela imepungua, nimekubali.

Chai ilinisumbua kuliko vitumbua. Sikuacha sukari kwa siku moja. Nilipunguza nusu kijiko, nikazoea, nikapunguza tena, huku naongeza tangawizi na mchaichai. Ulimi unazoea, wallahi. Siku hizi chai ya msibani naiona kama sharubati. Soda nimeacha kabisa, isipokuwa kwa ile hatari niliyokueleza. Chupa ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko tisa vya chai. Chota vijiko tisa uvitazame kwenye glasi, utaelewa. Yule muuza miwa wa hapa kituoni bado yupo, anakamua na ndimu na tangawizi, foleni yake haipungui, na mimi napita upande wa pili wa barabara. Machungwa yenu ya Muheza kula, lakini kula chungwa zima na nyama yake, moja, usikamue matano kwenye jagi.

Dona nayo. Umefurahi sana na dona, nimesikia. Ni bora kuliko sembe, ina kapi, lakini bado ni wanga, na mlima wa dona unapandisha sukari. Nusu ya sahani iwe mchicha, matembele, kisamvu kisichozidiwa nazi, bamia; robo samaki au maharage; robo iliyobaki ndiyo ugali. Anza na mboga na samaki, ugali ufuate, sukari haipandi kwa kasi ile. Halafu usikae. Mimi baada ya chakula cha usiku natembea mdogo mdogo hadi kituo cha Usalama na kurudi, Mariamu ananisindikiza, kwa sababu misuli ikifanya kazi inachukua sukari kutoka kwenye damu. Tunatazama mabasi ya mwendokasi yakipita yamejaa, tunasengenya kidogo, tunarudi. Hiyo ndiyo saa yangu nzuri ya siku.

Kinachoniudhi ni watu. Nenda harusini Temeke, nenda msibani Buguruni, kote soda inakuja mbele yako kwa upendo, ukikataa wanasema, "Moja tu, haidhuru," na mwingine anakuita mwenye maringo. Tumeizoea sukari kuwa ndiyo heshima ya mgeni. Napenda wanavyokirimu, na nataka wajue maji baridi nayo ni ukarimu. Ukija kwangu utaona.

Na kliniki, ah, nisikufiche, inachosha. Ninapokwenda mimi foleni inaanza jua halijatoka, na kuna siku unafika dirishani unaambiwa vipimo vimekwisha, rudi wiki ijayo. Nimekasirika pale mara nyingi. Lakini nakwenda. Macho yanatazamwa kila mwaka, mkojo unapimwa kuangalia figo, miguu inaguswa. Hakuna jirani atakayekufanyia hayo.

Mwajuma kasema pia unaogopa wakikuona utahamishiwa sindano, na mtu akianza sindano amekwisha. Nesi alitusimulia tarehe 14 Novemba, siku ya kisukari duniani, ambayo ndiyo siku aliyozaliwa Frederick Banting. Yeye na mwenzake Charles Best waliipata insulini mwaka 1921 huko Toronto, Kanada. Januari 1922 wakamchoma kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa anakufa. Akaishi miaka mingine 13. Kabla ya hapo watoto wenye kisukari walikuwa wananyimwa chakula ili wasogeze miezi kidogo, kisha wanakufa wamekonda mifupa. Nilitoka pale nimenyamaza. Kitu kilichoinua watoto kutoka kitandani mimi siwezi kukiita mwisho wa mtu. Kama kongosho lako litahitaji sindano, utachoma, na mimi nitakuja Tanga nikushike mkono. Ila huenda huhitaji! Huenda ni kubadilishiwa kidonge kimoja tu, na wewe umekimbia vyote viwili.

Metformini kama ndiyo inayokuvuruga tumbo, meza katikati ya chakula, siyo kabla. Na hilo nalo umwambie daktari, zipo za kuyeyuka polepole, wengi tumbo linawatulia wakibadilishiwa. Usirudi kumeza kila kitu kwa mkupuo kwa sababu mimi nimepiga kelele. Nenda kliniki na boksi lako mkononi, mweleze ile siku ya mahari yote, jasho na soda na kila kitu.

Sasa nijibu, usinizungushe. Utakwenda lini? Kesho asubuhi, kabla ya kula, sukari yako inasoma ngapi? Kiu ya usiku imerudi? Unaamka kwenda haja mara ngapi? Nyayo zako unazitazama, au bado unatembea pekupeku uani? Macho, hiyo habari ya kuona ukungu ulipokuwa unashona gauni la Zuhura, iliisha? Kile kidonda cha kisigino kilifunga? Baba Zuhura anajua kwamba umeacha dawa, au naye umemficha? Ramadhani umepanga kufunga? Ukifunga bila kuongea na daktari nitapanda basi mwenyewe. Na mashine yako ni ya aina gani? Kila mashine ina vijiti vyake, havichangamani. Soma jina lililoandikwa nyuma, uniandikie herufi kwa herufi, nikakutafutie Kariakoo, huku bei ina nafuu. Niandikie namba za vipimo, usiniandikie "naendelea vizuri".

Wako akupendaye,
Mama Hamisi