Safu ya nne umeandika nini?

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba vitabu vya kujisaidia, vya afya ya akili na vya malezi, ni porojo za kumfariji mtu siku mbili. Kwa vile vitatu vya kwanza nilivyosoma mimi, namuunga mkono. Nilivimaliza, nikapigia mstari sentensi tamutamu, na jioni ileile nikamfokea mwanangu kama kawaida. Cha nne kilikuwa kikavu kama fomu ya kuombea kazi, ila kilikuwa cha kujaza.

Kila ukurasa ulikuwa na jedwali la safu nne: kilichotokea, wazo lililonijia, nilivyojisikia, na ushahidi. Baadaye ndipo nilipojua kwamba mtindo huo unatokana na tiba aliyoianzisha daktari wa Marekani, Aaron Beck, miaka ya 1960, ambapo mtu hufundishwa kulihoji wazo lake kabla ya kuliamini. Wakati ule nilikuwa baba mwenye hasira na kalamu, basi.

Siku ya kwanza niliandika: "Nimemwita mara nne, hakuitika. Ananidharau. Hasira, tisa kwa kumi." Safu ya ushahidi nikaiacha tupu, niliona dharau haihitaji shahidi. Aliyenikatalia ni dada yangu. Alikuwa ananipigia simu kila Jumamosi, dakika kumi hazifiki, na swali lake lilikuwa moja: "Kaka, safu ya nne umeandika nini?" Kwa aibu ya kujibu "sijaandika", nikaanza kuandika. Jumatatu: nimemwita akiwa amenipa mgongo, kimya. Jumatano: nimemwita tukiwa tunatazamana, kaitika mara moja. Alhamisi: mama yake kamwita kutoka nyuma, kimya. Ijumaa: anaongeza sauti ya televisheni, naye amekaa mbele yake kabisa.

Jumamosi nikamsomea dada yote hayo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Hivi masikio ya huyo mtoto yamewahi kupimwa?"

Hospitalini walikuta majimaji nyuma ya ngoma za masikio yote mawili. Daktari alitueleza kwamba hali hiyo huwapata sana watoto wadogo, mara nyingi bila maumivu ya kumfanya mtoto alalamike, na kwamba wengi hupona wenyewe ndani ya miezi mitatu. Tukapangiwa siku ya kurudi apimwe tena. Kijana ana miaka sita. Sijui nimemfokea mara ngapi kwa kosa la kutosikia.

Kitabu kile hakikuwa na neno hata moja kuhusu masikio. Kilichofanya ni kunilazimisha kuandika tukio lenyewe, siku baada ya siku, mpaka hukumu yangu ikakosa pa kusimama. Vile vitatu vya mwanzo vilinipa majibu ya watu wengine, nami nikayapenda kwa sababu hayakunidai chochote.

Ila nisikisifu kupita kiasi. Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa pili, wiki tatu nzima alikuwa akilia alfajiri, halali hata mtoto akilala. Mimi, mjuzi wa vitabu, nikamletea kitabu. Mpaka leo naona haya. Muuguzi aliyemhudumia mtoto ndiye aliyemkalisha mama chini, akamuuliza anavyojisikia, akampeleka kwa daktari siku hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Kwa aliyefika hapo, kushika kalamu tu ni mzigo.

Ndiyo maana siwaelewi wanaogawa vitabu hivi kama vipeperushi, kisha wakaondoka. Shirika hilohilo lilitoa mwaka 2020 mwongozo wa picha wa kukabili msongo wa mawazo, tena wa bure. Mwongozo huo una ndugu yake, kozi iliyojaribiwa nchini Uganda kwa wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini. Wanawake wale hawakupewa kitabu tu wakajifungie nacho. Walikutana kikundi mara tano, wakasikiliza mafunzo yaliyorekodiwa, wakiongozwa na watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Miezi mitatu baadaye msongo wao ulikuwa umepungua kuliko wa wenzao ambao hawakupitia kozi.

Ombi langu kwenu basi: ukurasa wenu wa malezi hutupa ushauri kila wiki. Wiki moja tupumzisheni. Chapisheni jedwali tupu la safu nne, na juu yake mstari wa kujaza jina la mtu atakayekupigia simu Jumamosi. Namba ya dada yangu siitoi. Ndugu wamekwisha kumjaa, na mimi bado niko ukurasa wa arobaini na moja.

Baba wa wawili